Usiniletee Matatizo

Watu wakiitaja Riyadh hutaja minara ya vioo ya Olaya. Lakini mji huo unalishwa na mitaa kama Al-Sulay, upande wa kusini-mashariki, ambako maghala yamepangana barabara baada ya barabara na malori hayakauki. Kontena zikishushwa Dammam huja kwa reli hadi Bandari Kavu ya Riyadh. Nyingine hupakiwa kwenye malori Bandari ya Kiislamu ya Jeddah na kusafiri karibu kilomita 950. Mwisho wa safari ni mlango wa ghala: matairi, vigae, mchele, dawa, kuku wa kugandishwa. Nyuma ya milango hiyo wamo Wabangali, Wapakistani, Wayemeni, Wahindi, na vijana wetu kutoka Kenya, Uganda na Tanzania.

Mtu ninayetaka kumsimulia nimemtunga, na ghala lake nimelitunga pia, ndiyo maana hawana majina. Sheria nitakazozitaja, joto la huko, na namna watu wanavyonyamaza mbele ya mkubwa wao, hayo sikuyatunga.

Alikuwa kijana wa Mombasa, mchapakazi. Alianza kwa kupakia na kupakua, akajifunza kuendesha foklifti, na kwa kuwa Kiarabu kilimkaa ulimini haraka, mudiri, yaani meneja, akamfanya mushrif, msimamizi wa ghala: watu 14, vyumba vitatu vya baridi. Leo ni mwenzao, kesho yake ni mkubwa wao. Hakuna aliyemkalisha chini akamwonyesha kazi ya kuongoza watu inafanywaje. Alipewa fulana ya rangi nyingine na simu ya kazi, basi. Ni jambo linalotokea kila mahali, Ghuba na kwetu pia: mfanyakazi hodari anapandishwa cheo kwa uhodari wa mikono yake, kisha anaachwa agundue mwenyewe kwamba kazi mpya haifanywi kwa mikono.

Asiyefundishwa huiga. Kila Jumapili asubuhi, siku ya kwanza ya wiki ya kazi Saudia, mudiri aliwakusanya wasimamizi na kuwauliza swali moja: “Kullu tamam?” yaani, kila kitu sawa? Wote walijibu tamam. Mwezi Mei yule Mmombasa alithubutu kusema kwamba kompresa ya chumba namba tatu inahitaji fundi kabla joto halijakolea. Akaambiwa mbele ya wenzake kwamba analipwa kutatua matatizo, si kuyaleta. Hakurudia tena. Kauli ile aliichukua akaishusha kwa watu wake kama ilivyo, akaiandika kwa kalamu nene kwenye kipande cha boksi juu ya meza yake: usiniletee matatizo, niletee majibu.

Kauli hii inapendwa sana kwenye semina za uongozi, nami naiona ni ya hatari. Humfaa mtu mwenye fungu la fedha, simu ya fundi na mamlaka ya kuamua. Kijana wa zamu ya usiku hana hata kimoja kati ya hivyo. Alicho nacho ni macho na masikio, na yuko karibu na mashine kuliko mtu mwingine yeyote katika kampuni. Ukimwambia asije kwako mpaka awe na jibu, umemwambia asije kabisa.

Julai kijana mmoja wa Tanga alikuja.

“Samahani kaka, mlango wa chumba namba tatu haubani vizuri. Barafu inaota pembeni.”

“Umeniletea tatizo au jibu?”

Kijana akatazama chini. Mbangali aliyekuwa akifunga paleti pembeni alisimamisha mikono.

“Basi rudi kazini, mdogo wangu. Ukipata jibu njoo.”

Halikuwa tusi. Hakupiga kelele, hata alitabasamu kidogo. Lakini watu wawili walikuwa wamesikiliza, na kufikia jioni wote 14 walikuwa wanajua bei ya kusema.

Kwenye mlango wa kila chumba ilitundikwa karatasi ya joto. Chakula cha kugandishwa hutakiwa kikae nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, na kila baada ya saa mbili mtu wa zamu alipaswa kusoma kipimo, kuandika na kutia sahihi. Karatasi ya Juni ilikuwa na maisha ndani yake: 18.6, 17.9, 19.2, tena 16.8 pale lori lilipochelewa mlangoni. Karatasi ya Agosti ilikuwa na namba moja kutoka juu hadi chini: 18, 18, 18, kwa mwandiko safi, nyingine kwa kalamu moja na mkono mmoja, kana kwamba ziliandikwa zote kwa mkupuo. Msimamizi aliipitia kila wiki na kutia sahihi yake chini. Aliona usafi akafurahi. Chumba kinachofunguliwa mara kadhaa usiku hakiwezi kubaki kwenye namba moja mwezi mzima. Karatasi ile ilikuwa inampa habari zote alizozihitaji, ila alikuwa ameacha kuzitafuta.

Kimya cha vijana wale kilikuwa na sababu nyingine zaidi ya haya. Mfanyakazi wa kigeni Saudia iqama yake, yaani kibali cha ukaazi, imefungamana na mwajiri. Mageuzi yaliyoanza tarehe 14 Machi 2021 yaliruhusu wafanyakazi wengi wa sekta binafsi kuhamia kwa mwajiri mwingine baada ya mwaka mmoja, kwa masharti, bila kuhitaji ridhaa ya kafili, yaani mwajiri anayewadhamini. Wafanyakazi wa majumbani waliachwa nje. Ni hatua ya maana. Lakini hofu iliyojengwa kwa miaka mingi haitoki moyoni siku sheria inapobadilika, na mtu aliyeacha deni nyumbani hupima maneno yake mara mbili. Tena kuna kukatwa mshahara. Sheria ya Kazi ya Saudia inamruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara iliyosababishwa na kosa la mfanyakazi, lakini si zaidi ya mshahara wa siku tano kwa mwezi. Kijana wa Tanga hakuijua hiyo siku tano. Alichojua ni kwamba mtu anayekutwa karibu na kitu kilichoharibika hukatwa. Msimamizi aliijua sheria, ila hakuwahi kuwaeleza watu wake, kwa sababu vitisho vya kukata vilimrahisishia kazi.

Riyadh mwezi Agosti joto la mchana hupita nyuzi 40 kwa urahisi. Kuanzia 15 Juni hadi 15 Septemba ni marufuku kufanyisha watu kazi juani kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kwa hiyo pale ghalani kazi kubwa ya kupakia ilihamia usiku. Usiku wa kuamkia Ijumaa, yapata saa 8, kijana wa Tanga alipita mbele ya chumba namba tatu akashtushwa na utulivu. Feni hazikuwa zikivuma. Alienda kwenye swichi kubwa, akaizima na kuiwasha. Akangoja. Akajaribu tena. Akatoa simu, akalitafuta jina la mushrif, akalitazama kwa muda, kisha akakumbuka kwamba ni Ijumaa, siku ya mapumziko, akakikumbuka na kile kipande cha boksi. Hakuwa na jibu. Akairudisha simu mfukoni, akaandika 18.

Aliyempokea zamu aliandika 18. Wa baada yake naye vivyo hivyo. Jumapili alfajiri msimamizi alipofika, maji yalikuwa yametoka chini ya mlango na kusambaa hadi kwenye njia ya foklifti. Ndani, maboksi ya kuku yaliyokuwa chini yalikuwa yamelowa na kubonyea, na paleti mbili zimeinama zikategemea ukuta. Kuku aliyeyeyuka hivyo harudishwi kwenye barafu akauzwa. Chumba chote kilikuwa cha kutupwa.

Aliwapanga mstari akauliza nani alijua. Ikawa walijua wote, wengine kwa zaidi ya wiki tatu. Mbangali ambaye Kiarabu chake kilikuwa cha maneno machache alijibu kwa kidole tu: alinyoosha mkono kuelekea kwenye kipande cha boksi juu ya meza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi methali hiyo tunaielekeza kwa mgonjwa. Mbele ya ghala lile lazima tuulize ni nani aliyemfanya mgonjwa aogope kutaja maradhi.

Gharama ya kuku hulipika. Kuna sehemu nyingine kimya cha aina hii kilikuwa na bei isiyolipika. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Mei 2007, ndege ya Kenya Airways, safari namba 507, iliruka kutoka Douala, Kamerun, kuelekea Nairobi katika hali mbaya ya hewa. Chini ya dakika mbili baadaye ilianguka kwenye kinamasi cha mikoko. Wote 114 waliokuwemo walifariki. Ripoti ya uchunguzi ya Kamerun, iliyotoka 2010, ilieleza jinsi ndege ilivyoachwa ikiinama kidogokidogo upande wa kulia huku mitambo ya kujiendesha ikidhaniwa imewashwa kumbe haijawashwa, na hakuna aliyekuwa akiangalia vipimo sawasawa. Rubani mkuu alikuwa na umri wa miaka 52, msaidizi wake 23. Wachunguzi hawakuishia kwenye mitambo. Walitazama pia uhusiano wa watu wawili ndani ya chumba kidogo: mkubwa mwenye sauti nzito na mamlaka, mdogo mpole asiyezoea kumsahihisha. Nataja haya kwa heshima ya marehemu wote na familia zao. Tofauti ya miaka 29 kwetu ni tofauti ya baba na mwana, na mwana aliyelelewa vizuri hamkatizi baba. Adabu hiyo ni tunu ya jamii zetu. Mkubwa ndiye mwenye wajibu wa kuifungulia mlango kazini, kwa kusema mapema na waziwazi: ukiona nakosea, nikatize, na sitakukasirikia. Mdogo hawezi kujipa ruhusa hiyo mwenyewe.

Sekta ya ndege ililielewa hili kwa maumivu. Baada ya ndege mbili kubwa kugongana Tenerife tarehe 27 Machi 1977 na kuua watu 583, na ajali nyingine za miaka hiyo, marubani walianza kufundishwa darasani kusema na kusikilizana, kama wanavyofundishwa kuruka na kutua. Maana yake ni kwamba kupokea habari mbaya ni ujuzi, na ujuzi hujifunzwa na mtu yeyote, hata asiyezaliwa na upole.

Mmombasa yule alivuliwa usimamizi, akahamishiwa Jeddah, kwenye ghala la Al-Khumra, kusini mwa mji. Akarudi kwenye foklifti. Mwaka mzima alikuwa upande wa wanaosikiliza, na huko alijifunza ambacho cheo hakikumfundisha: kwamba mtu anayeleta habari hutazama uso wa mkubwa kabla ya kusikia neno lake, na kwamba swali la “kila kitu sawa?” huomba jibu la sawa. Alipopewa tena zamu ya kusimamia, aliacha kuliuliza. Aliuliza, “Usiku huu kipi kimekusumbua?” Alizunguka mwenyewe saa 9 usiku, na kwa wale ambao lugha iliwabana aliomba waonyeshe kwa mkono, waguse mahali penyewe. Aliwaeleza sheria ya makato kama ilivyo, ile ya siku tano. Kisha akatoa ahadi moja: atakayesema kosa lake mwenyewe kabla halijagunduliwa, yeye hatampendekeza akatwe. Wiki za kwanza hakuna aliyesema lolote. Walikuwa wanampima, na walikuwa na haki ya kumpima.

Kisha dereva Myemeni alimfuata wakati wa chai, akamvuta pembeni. Usiku uliopita alirudi nyuma na foklifti akagonga nguzo ya rafu. Hakuna aliyeona. Mmombasa alihisi joto likimpanda usoni, maana rafu mpya ni pesa, na mudiri wa Jeddah hakuwa mpole kuliko wa Riyadh. Akanyamaza kidogo mpaka sauti yake ikatulia.

“Umefanya vizuri kuniambia, ndugu yangu. Twende unionyeshe.”

Nguzo ilikuwa imepinda juu kidogo ya usawa wa goti, na juu yake kulikuwa na tani kadhaa za mchele. Rafu iliyopinda hivyo inaweza kusimama mwezi mzima, na inaweza kuanguka na watu chini yake mchana huohuo. Akaamuru ishushwe yote, akazungushia utepe, akamwambia Myemeni mbele ya wote kwamba huenda ameokoa mtu.

Akapanda ofisini kuomba fundi. Akaambiwa asubiri wiki ijayo. Zamani angeishia hapo. Safari hii alirudi chini jioni ileile kuwaambia watu wake jibu alilopewa, lilivyo, ili wasidhani neno lao limepotea njiani, na akawaambia rafu ile haitapakiwa mpaka itengenezwe. Asubuhi mudiri aliteremka kuuliza kwa nini nafasi ile imekaa tupu ilhali mzigo umelala nje kwenye jua. Akamweleza, akampeleka akaiona nguzo kwa macho yake, na hakuondoka karibu naye mpaka simu kwa fundi ilipopigwa.