Kuzaa mabinti: Mke ana kosa gani?

Baada ya swala ya Ijumaa hapa Kinampanda, ndugu mmoja alinivuta pembeni akaniomba ushauri. Mkewe amejifungua binti wa nne. Mama yake mzazi na baadhi ya jamaa wanasema mwanamke huyo hana tumbo la kiume, naye sasa anafikiria ama kumpa talaka au kuoa mwingine ili apate wa kiume.

Ndugu Waislamu, jambo hili si la ndugu huyu peke yake. Mijini nako, kwa watu wenye shahada zao, ndoa zinayumba kwa sababu hii hii.

Karibu kila seli ya mwili wa mwanadamu ina kromosomu 46: 23 kutoka kwa baba na 23 kutoka kwa mama. Seli ya ngozi inapotaka kugawanyika hunakili kromosomu zote, kisha hugawanyika mara moja, zikapatikana seli mbili zenye 46 kila moja. Ndivyo jeraha la jembe linavyofunga. Waliosoma baiolojia sekondari watakumbuka ncha ya mzizi wa kitunguu chini ya hadubini. Kitunguu, ambacho sisi wa Singida hatuna haja ya kuagiza, kina kromosomu 16, lakini utaratibu ni huo huo.

Seli za uzazi zina utaratibu wake. Kama mbegu ya baba ingekuja na 46 na yai la mama 46, mtoto angekuwa na 92, na mjukuu 184! Kwa hiyo seli hizi hunakili mara moja lakini hugawanyika mara mbili, idadi ikashuka hadi 23. Kwa mwanamume seli moja hutoa mbegu nne. Kwa mwanamke hupatikana yai moja tu. La ajabu ni kuwa mgawanyiko wa mayai huanza mwanamke angali tumboni mwa mama yake, ukasimama, ukaendelea miaka mingi baadaye akishabalehe. Maana yake, yai ulilotokana nalo lilianza kuandaliwa mama yako akiwa tumboni mwa bibi yako. Wanaokata udugu wa upande wa mama walitafakari hilo.

Sasa tuje kwenye jinsia. Mwanamke ana kromosomu mbili za X, mwanamume ana X na Y. Yai hubeba X, maana mke hana kingine cha kutoa. Mbegu za mume, takriban nusu hubeba X na nusu Y. Ikiingia ya X ni binti, ikiingia ya Y ni mvulana. Mwaka 1905 mtafiti wa Marekani, Nettie Stevens, aliligundua hili kwa kuchunguza mbegu za mdudu anayeishi kwenye unga.

Qur'an (53:45-46) inataja kuumbwa kwa mwanamume na mwanamke kutokana na tone linapomiminwa. Mimi si katika wanaodai kila jambo la maabara lilikwishasemwa. Nadharia hubadilika, na Qur'an haisubiri muhuri wa hadubini. Lakini anayemlaumu mke, hoja yake ataipata wapi?

Wala lawama haihamii kwa mume, kwani naye hachagui mbegu ipi itangulie. Suratu Shura (42:49-50) imeweka wazi kuwa Allah (s.w) ndiye anayewapa wengine mabinti, wengine wavulana, wengine wote wawili, na wengine akawaacha bila mtoto. Kwa hesabu za kawaida, katika familia 16 zenye watoto wanne, moja hivi itakuwa na mabinti watupu. Mke wa pili ameruhusiwa kwa sharti la uadilifu, sipingi. Ila ndugu yangu atakwenda kwake na mbegu zile zile.

Mtume wetu (s.a.w) wanawe wa kiume walifariki wadogo. Waliofikia utu uzima ni mabinti wanne: Zainab, Ruqayya, Ummu Kulthum na Fatima.

Yule ndugu alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa ustadhi, mama nitamwambia nini?" Nikamwambia twende wote. Tumekubaliana Jumapili, baada ya Alasiri.