Kitabu Kimoja Darasani

Tangu mwaka 2007, Uganda ilipoanzisha mpango wa elimu ya sekondari kwa wote, shule ndogo za vijijini zimepokea wengi ambao awali wangalibaki nyumbani kwa kukosa karo. Nasi walimu twakabiliwa na swali: kitabu kikiwa kimoja, tumpe nani? Twaelekea kumpa mwerevu, ili matokeo ya mtihani yaipatie shule jina. Lakini aliyechelewa kwa kuteka maji alfajiri ana kosa gani? Haki ya mtoto si mtaji wa kununulia shule sifa. Basi na tukisome kitabu hicho kwa sauti, darasa zima lisikie. Mwerevu atacheleweshwa kidogo, kweli; lakini huenda hilo likawa somo lake la kwanza la utu.