Taa, Nyasi na Dhamiri

Wapo wanaodai kwamba bustani ya mjini iliyopangwa ili kuzuia uhalifu haina thamani yoyote ya kimaadili: aliyeacha kukaba watu kwa kuwa kuna taa na wapita njia hajatubu, amekosa nafasi tu. Hoja hii ina uzito, ila inamdhania binadamu kuwa na moyo usioguswa na mahali aliposimama. Dini zenyewe hazikumwona hivyo. Wakristo husali wasitiwe majaribuni, na mafakihi wa Kiislamu wana kanuni nzima ya kuziba njia za haramu kabla haramu yenyewe haijatendwa.

Athari hii ya mahali kwa mwenendo wa watu ilipimwa Philadelphia, Marekani. Viwanja 541 vilivyotelekezwa viligawanywa kwa kura. Baadhi viliachwa kama vilivyokuwa. Vingine vikazolewa taka, vikasawazishwa, vikapandwa nyasi na miti michache, na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao wenye upenyo wa kuingilia. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionyesha kwamba katika mitaa maskini, matukio ya bunduki yalipungua kwa asilimia 29 karibu na viwanja vilivyotengenezwa. Kila mwenye shaka husema uhalifu huhamia tu mtaa wa pili. Watafiti walilitazama hilo na hawakuliona. Na ule uzio, mtoto anauruka. Kazi yake ilikuwa kutangaza kwamba mahali hapa pana wenyewe. Magugu yanayofaa kuficha silaha yalikuwa yameshaondoka (kichaka kisichopogolewa humfaa mkabaji, na wanaoiogopa miti mjini wana haki kwa kiasi hicho).

Pingamizi gumu zaidi ni la haki: usalama huo ni wa nani? Msitu wa Karura, Nairobi, uliwahi kuogopwa hata mchana; leo familia hutembea humo kwa amani. Umewekewa uzio wa umeme, kiingilio, na walinzi, wakiwamo vijana wa kijiji jirani cha Huruma. Amani hiyo ni ya kweli, lakini kiingilio, hata kiwe kidogo, huchuja watu, na asiye na hela hubaki na hofu yake nje ya waya. Kijana wa Huruma anayelipwa kulinda njia za msitu ana sehemu yake katika usalama huo; waya haukumpa kitu. Bajeti ya msitu ikiongezwa, ianze na ajira kama hizo, kisha itengwe siku ya kuingia bure kila wiki.