Tuliimba Pamoja, Lakini Hatukuongea

Somo: 1 Samweli 16:23, 18:10–11, Mathayo 5:23–24, 1 Wakorintho 14:26–33

Kuna swali lilinisumbua miezi minne: je, watu wawili wanaweza kuimba pamoja mpaka kanisa zima libarikiwe, na huku wamewekeana kinyongo?

Mimi napiga ngoma. Ndugu mmoja hapa kanisani anapiga kibodi. Nilimkopesha shilingi 12,000 atengeneze tuktuk yake. Siku ya kulipa ikapita, simu hashiki. Tukanyamaziana. Lakini Jumapili ikifika tunapiga, na tunapiga vizuri kweli! Watu wanatuambia, "Leo mmetubariki." Nikajifariji: kama ibada inapanda hivi, basi Mungu hana neno na mimi.

Halafu usiku wa kesha, saa saba hivi, stima ikapotea Bofu nzima. Kibodi kimya, spika kimya. Kwenye giza mama mmoja akaanzisha pambio. Alilianza juu mno, na akina mama wenzake wakaliteremsha polepole bila kuambizana. Mwingine akashika kayamba, lile la matete na mbegu ndani ambalo wazee wetu wa Kimijikenda walilitikisa tangu zamani. Nikaingia na ngoma. Mara nasikia mtu ananijibu kwa makofi. Nikiacha pengo, analiziba. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikajua ni yeye. Kibodi hana, amebaki na mikono.

Hapo moyo ulinichoma. Kumbe kwa ile nusu saa nilikuwa nimemsikiliza huyu ndugu kuliko miezi yote minne! Pambio halina karatasi. Hujui mwenzako ataingia wapi, kwa hivyo lazima umtegee sikio na umwachie nafasi. Wakorintho nao walikuja ibadani kila mtu na lake: huyu zaburi, huyu fundisho, huyu ufunuo. Paulo hakuwanyima. Aliwataka wapokezane, ili kila kinachotolewa kimjenge mwenzao.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mioyo ya watu wakiimba kwaya. Wakakuta mapigo yanapanda na kushuka kwa pamoja, manake waimbaji wanavuta pumzi pamoja. Sishangai. Wengi wetu tunaingia kanisani na mawazo ya kodi na karo, na tunatoka tumetulia. Hiyo ni zawadi ya Mungu.

Lakini tusidanganyike. Mfalme Sauli pia alitulizwa na kinubi cha Daudi, akapata nafuu. Sauli huyo huyo, siku nyingine, Daudi akiwa anampigia kinubi, alimrushia mkuki. Muziki ulimpa utulivu, lakini wivu aliufuga mwenyewe. Mimi mkuki wangu ulikuwa ni kunyamaza.

Yesu alifundisha kwamba ukikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka hapo kwanza, ukapatane naye. Ngoma yangu nayo ni sadaka.

Kulipokucha tulitoka pamoja. Kwa mara ya kwanza nilimuuliza bila hasira, "Ndugu yangu, mbona simu hushiki?" Akaniambia mtoto wake alilazwa, pesa zikaishia huko, na kila akiona jina langu kwenye simu anashikwa na aibu. Nami nilikuwa nishamhukumu kuwa tapeli. Nikamwomba msamaha kwa hilo, naye akaniomba kwa kunikimbia. Deni halijaisha, analeta kidogo kidogo, na siku nyingine inaniuma bado. Lakini tunaongea.

Basi, zile Jumapili tulizopiga tukiwa tumenuniana, je, zilikuwa unafiki? Nimefikiria sana. Naona wimbo ulikuwa unasema ukweli kuhusu tunavyopaswa kuishi. Sisi ndio tulikuwa tunauacha mlangoni tukitoka. Masikio tunayotumia kwenye pambio ndiyo hayo hayo tunayohitaji Jumatatu, nyumbani, kazini, na kwenye foleni ya feri.

Mpendwa, Jumapili hii ukisimama kuimba, mwangalie aliye kando yako. Kama kuna neno kati yenu, mtafute leo. Usingoje stima ipotee.

Bwana atusaidie. Amina.