Malaika Hanunui Dizeli

Andiko: Luka 10:25–37



Ndugu yetu aliposimama kutoa ushuhuda Jumapili iliyopita, mlimwona. Mkono bado umefungwa, kovu limetoka sikioni mpaka shingoni. Akatuambia jinsi majambazi walivyomkata panga usiku karibu na Mwingi, wakachukua pikipiki yake na kumwacha kando ya barabara ya Garissa. Magari yakapita. Mengine yaliwasha taa, yakamwona, yakaongeza mwendo. "Kisha," akasema, "Mungu akamtuma malaika mwenye lori." Kanisa likapiga makofi. Sote tukasema Amina, na mimi niliisema kwa sauti kuliko wengi.

Leo nataka kurudi kwa hiyo Amina yangu, kwa sababu huyo malaika nimeongea naye kwa simu.

Ni dereva Msomali kutoka Garissa, Mwislamu. Alikuwa anapeleka mbuzi Kiamaiko, Nairobi. Alisimamisha lori saa nane za usiku, mahali ambapo mimi mchungaji wenu nisingesimama. Na alijua akikutwa na kijana Mkamba anayevuja damu ndani ya gari lake, ni nani ataulizwa maswali kwanza. Hata hivyo alishuka. Akafunga jeraha kwa kikoi chake, akampandisha kiti cha mbele, akamfikisha hospitalini Mwingi, akaacha shilingi elfu mbili na namba ya simu. Malaika hanunui dizeli, wapendwa. Huyu alinunua, na mbuzi wake walichelewa soko.

Sasa mbona tulimwita malaika? Mimi niwaambie ukweli. Malaika hana dini ya kukusumbua, hana kabila, na huna deni naye. Akishamaliza kazi anarudi mbinguni, na wewe unabaki na chuki yako vile vile. Angalieni yule mwanasheria wa Luka 10. Yesu alipomuuliza ni nani kati ya wale watatu aliyekuwa jirani, jibu lilikuwa neno moja tu: Msamaria. Neno hilo lilimshinda. Akazunguka, akasema ni yule aliyemhurumia. Jina la kabila lilikwama kooni. Letu nalo lilikwama Jumapili hapa hapa madhabahuni.

Ninajua ninasema haya wapi. Kuna watu hapa wenye jamaa Mutha, Ngomeni na Tseikuru. Ngamia wameingia mashambani, watu wamejeruhiwa, wengine tumewazika. Sisemi msahau. Aliyeua ashtakiwe, na aliyelisha mifugo kwenye mahindi ya mjane alipe. Lakini dereva wa lori hakuchoma nyumba ya mtu. Ukimhukumu kwa sababu ya wengine, umefanya kile magaidi walichofanya kule Mandera.

Mnakumbuka Novemba 2014. Basi lilitekwa likitoka Mandera, abiria wakatenganishwa kwa dini, watu 28 wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wanakwenda nyumbani kwa likizo. Mwaka uliofuata, tarehe 21 Desemba 2015, basi lingine likavamiwa karibu na El Wak. Tena amri ikawa ile ile: Waislamu huku, Wakristo kule. Safari hii Waislamu wakakataa. Akina mama walikuwa wamewapa Wakristo hijabu wajifunike. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alikuwa kati ya waliokataa kutengana, na akapigwa risasi. Alilala hospitalini karibu mwezi mzima, akafariki Januari 18, 2016. Rais Uhuru Kenyatta alimtunuku nishani akiwa ameshazikwa, na kisa hicho kikatengenezewa filamu, Watu Wote. Je, huyo naye tumwite malaika? Alikuwa mwalimu, alikuwa na familia, na damu yake ilimwagika kama ya mtu yeyote.

Sasa nije kwangu, na hapa ndipo panauma.

Mimi nilikwenda kumwona ndugu yetu siku ya tatu. Nikamwekea mikono, nikaomba, nikapiga picha ya kuweka kwenye kikundi cha kanisa, nikaondoka. Yule dereva pia alifika siku hiyo hiyo, akirudi Garissa. Alikuwa ameahidi kupitia, akapitia. Alikwenda kituo cha polisi akaandikisha taarifa ya alichokiona. Siku ya kumi na moja akapiga simu na kuuliza mambo mawili: je, fomu ya P3 imejazwa? Na je, shamba lake limelimwa, kwa maana mawingu yameanza?

Fomu ilikuwa chini ya mto, haijaguswa. Shambani hakuna aliyekuwa ameenda. Mimi sikuwa hata nimepiga simu.

Someni mstari wa 35 polepole. Dinari moja ilikuwa mshahara wa siku nzima, na yule Msamaria alitoa mbili. Lakini hakuishia hapo. Alimwambia mwenye nyumba ya wageni kwamba gharama ikizidi atailipa atakaporudi. Sisi Wapentekoste tunapenda mafuta na divai, tunapenda kuwekea mikono. Hiyo "nitakaporudi" tunairuka. Na nyinyi wakulima mnaelewa kuliko mimi: huku kwetu mvua ya kutegemewa ni hii ya Oktoba mpaka Desemba. Mtu akivunjwa mkono Septemba na hakuna wa kumpandia, njaa yake haiishi jeraha likipona. Itamkuta Februari watu wengine wakivuna.

Nashukuru Mungu kwa kanisa letu dogo la Kathonzweni, Makueni, karibu na nyumbani kwake. Waliposikia, hawakungoja mchungaji. Akina mama waliitana mwethya kama mama zao walivyofanya, majembe kumi na saba, siku mbili, wakapanda ndengu, kunde na mahindi kabla ya tone la kwanza. Mzee mmoja aliyezeeka kiasi cha kutoweza kulima alikaa chini ya mti akichambua mbegu. Na shemasi alimsindikiza ndugu yetu polisi na kwa daktari mpaka P3 ikajazwa.

Sasa magugu yameota. Jumamosi hii gari litatoka hapa Kitui saa kumi na moja alfajiri kwenda Kathonzweni kupalilia. Kila mtu na jembe lake, chakula akina mama wa kule wamesema watapika. Dereva amesema akipata nafasi atafika, kwa hiyo nyama itakayopikwa iwe ya mbuzi aliyechinjwa na Mwislamu. Nimeshamwambia mzee wa kanisa anayehusika, na hakufurahi sana, lakini amekubali.