Nani Amesimama Nyuma ya Uria?

Masomo: 2 Samweli 11:14–17, 1 Samweli 30:9–25



Kijana anayeanza kucheza mchezo wa kompyuta uitwao Rome: Total War huwapenda wapanda farasi. Ndio wenye mbio, ndio wenye vumbi, na mara nyingi ndio wanaomaliza vita. Askari wa miguu, kijana huyo anawabofya wote kwa pamoja, anawaelekeza kwa adui, kisha anawasahau. Dakika chache baadaye bendera za vikosi vyake zinageuka nyeupe, kimoja baada ya kingine, watu wanatimua mbio, naye anabaki kushangaa, maana alianza na jeshi kubwa kuliko la mwenzake.

Mchezo huo ulitolewa mwaka 2004 na Creative Assembly, kampuni ya Uingereza, na wapo vijana wa usharika wanaoucheza hadi leo. Mzazi mmoja ameshaniuliza iweje mchungaji akubali mambo ya kuuana kwenye kioo. Swali lake ni la haki, nalo lina siku yake. Leo nataka tuwaangalie hao askari wa miguu, kwa kuwa naona waliotengeneza mchezo ule waliielewa safu ya vita kuliko baadhi yetu tunaopanga huduma kanisani.

Mchezaji aliyekomaa anajua kwamba kazi ya kwanza ya askari wa miguu ni kushikilia. Anamzuia adui mahali pamoja ili wengine wapate muda wa kuzunguka. Hapati sifa kwa hilo, na kwa macho ya haraka utadhani hafanyi kitu. Lakini kushikilia kunamla mtu. Katika mchezo kila kikosi kina ari yake, na ari hiyo hushuka kwa mambo yanayojulikana: uchovu, kupigwa ubavuni au mgongoni, kifo cha jemadari, na kumwona jirani akikimbia. Hili la mwisho Torati ililijua zamani. Kumbukumbu la Torati 20:8 inaagiza mwenye hofu arudishwe nyumbani kabla ya vita, hofu yake isije ikawaambukiza ndugu zake.

Watu wengi hudhani dawa ya hayo yote ni kupata askari hodari zaidi. Sivyo. Tazameni falanksi ya Wamakedonia, watu waliosongamana bega kwa bega wakiwa na mikuki ya zaidi ya mita tano. Kwa mbele hawakukaribiwa, na mchezo umewachora hivyohivyo. Mwaka 197 KK, kwenye vilima vya Kynoskephalai huko Thessalia, upande wa kulia wa jeshi la Mfalme Filipo wa Tano ulikuwa ukiwasukuma Warumi mteremkoni. Ndipo ofisa mmoja wa Kirumi, ambaye mwanahistoria Polybius hakututajia hata jina lake, akachukua vikosi 20 vidogo, akawazunguka na kuwapiga kwa nyuma. Watu wenye mikuki mirefu kiasi kile hawawezi kugeuka. Mikono yao haikuwa dhaifu, na mikuki yao haikuwa butu. Mgongoni kwao hapakuwa na mtu.

Warumi wenyewe walikuwa wamelifikiria jambo hili. Jeshi la zama zile lilipangwa safu tatu: vijana walioitwa hastati mbele, watu wa makamo nyuma yao, na mwisho kabisa wakongwe, triarii, waliosubiri wamepiga goti moja. Kwa hesabu ya Polybius, katika legioni moja vijana walikuwa 1,200, wa makamo 1,200 na wakongwe 600. Maana yake ni kwamba zaidi ya nusu ya askari hao walianza vita bila kugusana na adui. Mchezaji mgeni huona huo ni upotevu, akawapeleka wote mbele kwa mara moja. Mzoefu huwaacha wasubiri, na hukiondoa kikosi kilichochoka kabla bendera yake haijawa nyeupe. Ikishageuka nyeupe, hakisikii amri yako tena.

Halafu kuna vita vya Cannae, mwaka 216 KK. Hannibal, jemadari aliyepigana na Roma, alihitaji watu wa kusimama katikati, wapokee uzito wote wa askari wa miguu wa Roma, na warudi nyuma polepole bila kuvunjika. Kazi hiyo mbaya aliwapa Wagali na Wahispania. Wengi wao walikufa. Wakati huo Walibya waliokuwa pembeni waliwageukia Warumi kwa ubavu, na wapanda farasi wakawafunga kwa nyuma. Vitabu vya vita husifu ule mzunguko. Mimi hunivuta zaidi jambo dogo analolisimulia Polybius: Hannibal mwenyewe, pamoja na Mago ndugu yake, alikuwa hapo katikati. Aliwapa watu wake mahali pabaya kuliko pote, akaenda kusimama nao. Simfanyi mtakatifu; damu iliyomwagika siku ile ni nyingi mno. Lakini nikimweka mpakwa mafuta wa Bwana kando yake, naona haya.

Maana Daudi alikuwa Yerusalemu. Jeshi lake lilikuwa limeuzingira mji wa Raba, naye akaandika barua kwa jemadari wake Yoabu, akampa askari wake Uria aipeleke mwenyewe. Uria awekwe mahali vita vilipo vikali, kisha wenzake warudi nyuma. Zingatieni kwamba sehemu ya kwanza ya amri ile haina kosa. Askari huwekwa mbele. Ndiyo kazi yake, na Uria hakuwa mtu wa kuikwepa. Uuaji umo katika sehemu ya pili. Tena Uria hakufa peke yake. Watumishi wengine wa Daudi walianguka siku hiyo, watu ambao barua haikuwataja kabisa.

Sisi hatuandiki barua kama ile, lakini sehemu yake ya pili tunaitekeleza. Mwinjilisti anapelekwa mtaa wa mbali, tunamwombea na kumwekea mikono, kisha hakuna mzee wa kanisa anayefika kule mpaka msimu wa mavuno tunapofuata sadaka. Mama anamuuguza mkwewe aliyepigwa na kiharusi, mwaka wa pili sasa, na kila Jumapili tunamshika mkono tukimwambia Mungu akutie nguvu, tunaenda zetu. Mwalimu wa shule ya Jumapili anafundisha peke yake watoto wa rika zote kwa sababu amezoea. Akikosa kuja, tunasema imani yake imepoa. Hata Waefeso 6 tunaihubiri kana kwamba Paulo alimchora askari mmoja aliyesimama peke yake uwanjani, wakati barua ile ilisomwa mbele ya kanisa zima, na Warumi waliobeba ngao zile walipigana kwa safu.

Daudi huyohuyo aliwahi kulijua jambo hili. Kabla hajawa mfalme, alipokuwa akiwafuatia Waamaleki waliouchoma mji wa Siklagi, watu 200 kati ya 600 walishindwa kuvuka kijito cha Besori kwa uchovu. Hakuwatukana. Aliwaacha hapo na mizigo. Waliovuka waliporudi na nyara, baadhi yao walitaka wale waliobaki wasipewe kitu zaidi ya wake na watoto wao. Daudi akakataa: fungu la aliyeshuka vitani na fungu la aliyelinda mizigo yatakuwa sawa. Akaliweka kuwa sheria katika Israeli.

Baraza la wazee litakaa Jumamosi ijayo baada ya mazoezi ya kwaya. Naomba kila mzee wa mtaa aje na jina la mtu mmoja aliyehudumu kwa muda mrefu bila kupokelewa, na la mwingine atakayempokea. Maombi tutayafanya tukishayaandika majina yote mawili.