Tundu Kwenye Mashine ya Babu

Mwaka jana nilikaa Pangani siku nne nikibishana na baba yangu mdogo kuhusu tundu. Lilikuwa halijatobolewa bado. Lingetobolewa kwenye kifuniko cha ubavuni mwa mashine ya boti, upana wa penseli hivi, na fundi alishaweka alama kwa msumari mahali penyewe. Mimi nilisema hapana. Baba mdogo alisema mashine si yangu peke yangu. Fundi alikaa juu ya ndoo, akatoa simu yake, akatuachia ugomvi wa ukoo wetu.

Mashine yenyewe ni Johnson Sea-Horse ya nguvu za farasi 10, ya miaka ya 1950, rangi yake ya kijani imepauka mpaka imefanana na maji ya mtoni. Babu aliinunua kwa meneja wa shamba la mkonge aliyekuwa anafunga virago baada ya Azimio la Arusha. Alivulia nayo, na kivuko kilipoharibika alivushia nayo watu kwenda Bweni. Alipofariki ikafungwa kwenye gunia la katani na kusahauliwa juu ya dari. Baba mdogo ndiye aliyeishusha, kwa sababu ya njaa wala si kwa sababu ya mapenzi: mashine mpya haishikiki bei.

Mapenzi nilikuja nayo mimi, kutoka Dar. Nilikuwa nimegundua kwamba Marekani kuna watu wazima wanaokusanya mashine kama hii, wanatafuta mpaka skrubu ya mwaka uleule, na nikajisikia tajiri ghafla. Nikawa mlinzi wa urithi ambao miaka kumi na tano nilikuwa hata sijauliza uko wapi.

Kwa asiyeijua, nieleze shida ilipo. Mashine za siku hizi zina pampu inayovuta mafuta kutoka tangini. Hii haina. Tangi lake la chuma limeunganishwa na injini kwa mpira wenye njia mbili. Pistoni ikishuka inabana hewa iliyo chini yake, na sehemu ya hewa hiyo inapita kwenye vivalvu viwili vidogo, kimoja kwa kila silinda, inakwenda tangini kwa njia ya kwanza. Hewa ikishajaa mle inayakandamiza mafuta, nayo yanapanda kwenye kabureta kwa njia ya pili. Yaani injini inalipulizia tangi ili tangi liinyweshe injini. Ukikaa ukaitafakari, unaipenda.

Ila sasa umekaa botini na zaidi ya lita 20 za petroli iliyobanwa. Kwenye mfumo wa pampu, mpira wa kutoka tangini ukipasuka injini inavuta hewa, inakosa mafuta, inazima, basi. Huku mpira ukipasuka, mafuta yanasukumwa nje, na yanaendelea kutoka hata baada ya kuzima injini, mpaka mgandamizo uishe. Johnson wenyewe waliachana na mfumo huu. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1960 mashine zao mpya zilikuwa zinakuja na pampu.

Mwezi mmoja kabla ya ubishi wetu, mpira ulichanika wakiwa njiani kurudi kutoka Maziwe. Mtoto wa dada yangu, miaka tisa, alikuwa amekaa nyuma karibu na tangi. Petroli ilimrukia miguuni na mapajani. Mmoja wa wavuvi alikuwa na sigara mdomoni, akaitema baharini. Hakuna kilichotokea. Mtoto alioshwa, ngozi ikawasha siku mbili, akasahau.

Baba mdogo hakusahau. Alimwita fundi aliyekuwa na kipampu kilichotolewa kwenye Yamaha iliyokufa: kijisanduku chenye kiwambo cha mpira ndani, kinachocheza kwa mipigo ya hewa ya injini yenyewe. Kinachohitajika ni sehemu ya kupatia huo mpigo. Fundi akasema: tunatoboa hapa, tunakata nyuzi, tunafunga bomba, jioni mko majini.

Nilipinga kwa hoja ambazo nilidhani ni nzito. Nikasema kitu cha kale kina heshima yake, na tundu kwenye chuma halizibiki likarudi kuwa chuma kile. Nikawaambia, Mungu anisamehe, kuhusu meli ya Theseus, ile ya Plutarch, inayobadilishwa ubao mmoja mmoja mpaka watu wabishane kama bado ni ileile. Nilifundishwa Mlimani, mwaka wa kwanza. Baba mdogo akauliza: "Hiyo meli ilikuwa inabeba watu?"

Nikasema hapana, ilihifadhiwa tu. Usiku nikagundua nilimjibu vibaya. Plato anaandika kwamba Waathene walikuwa bado wanaituma kila mwaka kwenda Delos, na Socrates alichelewa kuuawa kwa sababu ilikuwa haijarudi. Kwa hiyo ilibeba watu. Wenye falsafa pwani wakijiuliza kama ni meli ileile, waliokuwa ndani walikuwa na swali lao, la kama inaingiza maji. Ajabu ni kwamba swali la kwanza ndilo lililofika mpaka kwenye mtihani wangu.

Asubuhi yake baba mdogo alinishika pabaya. "Mwanangu, wewe si unaandika ajali? Ule mpira ungewaka, ungeandika nini?"

Nimeandika ajali za majini, siyo moja. Najua sentensi ambayo haikosekani, anayeisema ni mwenye chombo: siku zote tumekuwa tukifanya hivi. Nimeinukuu mara nyingi, na kila mara niliiandika kwa namna ya kumfanya msomaji atikise kichwa. Sasa nilikuwa naisema mimi, kwa Kiswahili kizuri zaidi.

Hapo ndipo niliona kosa la hoja yangu. Nilikuwa nadhani kutoboa ni tendo na kuacha ni kutotenda. Kwamba nikiacha kama ilivyo mikono yangu ni safi, lawama ni ya waliounda. Lakini waliounda hawapo. Kampuni iliyokuwa ikimiliki jina la Johnson ilifilisika mwaka 2000. Babu naye yuko makaburini. Na mimi, tofauti na wao wote, nilikuwa nimeshaambiwa kuhusu miguu ya mtoto. Mtu akishajua, kuacha nako kunakuwa ni uamuzi wake, na hauwi mtakatifu eti kwa sababu unaitwa heshima kwa wazee.

Halafu kabureta ikafunguliwa. Ndani kuna boya, kipande cha koki kinachoelea kwenye mafuta na kufunga sindano mafuta yakifika kimo chake. Hili halikuwa la kiwandani. Lilikuwa limechongwa kwa kisu kutokana na kizibo cha chupa na kupakwa vanishi, na alama za kisu zilikuwa bado zinaonekana. Nilijua mkono huo. Nina mpini wa jembe uliochongwa nao. Babu, ambaye kwa niaba yake nilikuwa natetea kila skrubu, alikwishabadilisha mfumo wa mafuta kabla sijazaliwa. Na hakuomba ruhusa ya Marekani.

Ningeweza kusalimu amri hapo, lakini kuna kitu kiliendelea kunikera. Babu alibadilisha boya, na boya linatoka. Tundu halitoki. Nikamuuliza fundi: vile vivalvu viwili vinavyopeleka hewa tangini si tayari vinapata mpigo kutoka chini ya pistoni? Akanyamaza, akaweka simu chini. Akasema ukikitoa kimoja, njia ikabaki wazi, na kile cha pili ukakiziba, basi tundu la zamani la mpira wa hewa litatoa mpigo. Lazima kimoja kizibwe, kwa sababu silinda zinapokezana. Moja ikisukuma nyingine inavuta, zikiachwa zote zinauana. "Ila lazima nishushe kabureta na sahani yake yote," akasema, "na gasketi nikate mwenyewe. Ni kesho kutwa hiyo, na hela inaongezeka."

Nililipa mimi. Niliona ni haki, maana anayetaka kumwachia mjukuu asiyezaliwa nafasi ya kurudisha nyuma asimlipishe mvuvi. Baba mdogo alipoteza siku mbili za bahari, na hilo sikulilipa, sikulifikiria hata, mpaka nilipokuwa kwenye basi.

Mashine inafanya kazi. Inachelewa kidogo kuwaka asubuhi. Kivalvu kilichotolewa kimo kwenye kichupa cha dawa ndani ya kabati la bibi.

Kilichobaki ni tangi. Sasa wanatumia la plastiki lenye tundu la hewa kifunikoni; la zamani, zima kabisa, halina kazi. Kuna mzee mmoja kule Kipumbwi ana mashine kama yetu na analitaka, kwa bei nzuri. Nilimwambia baba mdogo tusimuuzie mtu hatari tuliyoikimbia sisi. Nikalibeba mpaka Dar, liko barazani Sinza, chini ya ndoo za maua za mke wangu.

Wiki iliyopita mzee akapiga simu mwenyewe. Nilimweleza yote, la mpira, la mtoto, la pampu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Akasema pampu ameitafuta hajaipata, na fundi wetu amehamia Mtwara. Kisha akasema tangi analotumia sasa limeoza chini, analiziba kwa sabuni ya kipande kila asubuhi kabla ya kuingia baharini.

"Sasa hilo lako, baba," akaniuliza, "limeoza?"

Nikasema hapana, mzee wangu, halijaoza. Nikamwambia nitampigia Jumapili.